Ini, Ukurasa wa 212

Kanuni imebandikwa ukutani, ina muhuri wa rekta:
kilichopotea, lipa bei yake mara mbili;
kilichoharibika, kitapimwa;
kilichoibwa, jina lako litafika kwa dekani.
Chini yake mkono fulani umeongeza kwa penseli:
na kilicholowa?
Sijayafuta.

Maana mvua ya Bukavu haina kadi ya msomaji.
Aprili ilipasua bati juu ya rafu ya sheria,
nikaanika sheria za ardhi barazani kama muhogo,
nikigeuza karatasi moja moja, nikifukuza mbuzi wa mlinzi.
Hiyo nimtoze nani?
Niliandika daftarini, safu ya pili: kimeharibika.
Mwenye kosa: nikaacha wazi.

Zihalirwa hakuachwa wazi.
Mwaka wa pili wa udaktari, shati moja, kola imegeuzwa,
alirudisha anatomia asubuhi na mapema,
na nilipoipokea mkono ukashtuka: nyepesi.
Nikafungua. Kurasa nane hazipo,
zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono,
mkato mnyoofu hata nikasema moyoni
huyu atakuwa mpasuaji wa kutegemewa.
"Nilikikuta hivyo, Mama Cibalonza."
Wote huvikuta hivyo.
Miaka kumi na tisa mezani hapa
sijamwona bado aliyechana kitabu;
vitabu vyetu hujichana vyenyewe, usiku, kwa uchungu.
Dola arobaini, nikaandika. Kadi nikaizuia.
Kitabu sikuwa nimekipima kilipotoka.
Wiki tatu alisimama nje ya dirisha
akisoma begani kwa mwenzake aliyeketi ndani,
na mwenzake, Mungu ambariki, alifunua polepole.

Jumamosi nikashuka Kadutu kununua sambaza.
Nabintu akazichota zikingali zinachuruzika mafuta,
akazifunga, akanipa. Ini.
Ini la binadamu, ukurasa wa 212,
mafuta yameufanya upitishe nuru,
hata kifuko cha nyongo kilichochorwa upande wa pili
kikajitokeza mahali pake hasa.
Hakuna profesa aliyewahi kulifafanua ini hivyo.
Na pembeni, muhuri wetu mdogo wa siri, tunaoupiga
kila ukurasa unaoishia na kumi na mbili.

"Karatasi? Nanunua kwa kilo, mama.
Kuna baba wa kwenu huko chuoni, mpole, ana funguo."

Nikanunua mafungu yote yenye michoro.
Kurasa saba. Watoto wa mtaa mzima walikula sambaza zangu,
nami nikakaa jikoni nikinyunyiza unga
juu ya figo, juu ya wengu, unywe mafuta.
Wa nane haukupatikana.
Mtu aliumaliza na chumvi yake.

Funguo za ghala ziko mbili.
Mmoja nalala nao.
Wa pili uko kwa Baba Mirindi, aliyenifundisha kushona vitabu,
ambaye mshahara wake wa mwisho aliuona mwaka juzi,
ambaye wembe wake wa kazi naujua: hauyumbi.

Jumatatu nilimrudishia Zihalirwa kadi yake.
Hakuuliza. Aliketi kiti cha kwanza,
akaishika meza kwa mikono miwili.
Sikumwomba radhi; nilijifanya natafuta gundi.

Mirindi alifika, akasalimu kama siku zote,
akauliza habari za goti langu.
Nikamwekea kurasa saba mbele yake, na uzi, na sindano.
Alizitazama muda mrefu kuliko kazi inavyohitaji.
Kisha akavaa miwani, akashona hadi giza.

Safu ya tatu ya daftari ingali nyeupe.
Dekani ameuliza mara mbili.
Na paka wa mlinzi, ambaye hajawahi kuingia maktaba,
siku hizi analala rafu ya anatomia, kidevu juu ya kitabu,
na hakuna kanuni ya kumtoa.